Kulinda Chuma cha Ghala Kubwa Dhidi ya Moto: Mwongozo Kamili, Kuanzia Ramani Hadi Makabidhiano

Wenye maghala huwa na swali moja linalotangulia mengine: nguzo na kenchi zote zipakwe rangi ya kuzuia moto, au hakuna haja? Ukijibu "zote", utamwaga fedha nyingi kwenye paa ambalo huenda lingelindwa vizuri zaidi kwa maji. Ukijibu "hakuna haja, chuma hakiungui", umesema kweli nusu. Chuma hakiungui, lakini kinalegea, na kikilegea kinaangusha kila kilichokiegemea.

Njia ninayoifuata hapa ni kuuliza, kwa kila kipande: kikianguka, kitamwangukia nani? Vipande vichache vyenye jibu zito ndivyo vinavyolindwa kwanza, na bila kubania. Vilivyobaki huamuliwa na bidhaa utakazoweka na maji utakayokuwa nayo.

Ili tusiongee hewani, tuchukue ghala la mfano na tulijenge Kibaha. Lina urefu wa mita 100 na upana wa mita 48, yaani mita za mraba 4,800. Paa limebebwa na fremu za chuma zenye mapana mawili ya mita 24, na katikati kuna mstari wa nguzo. Kilele cha paa ni mita 9, na rafu za paleti zinafika mita 7.5. Ukuta wa mashariki uko mita 2 tu kutoka mpaka wa jirani. Mbele, ndani ya ghala, kuna ofisi iliyoinuliwa juu ya nguzo za chuma, na chini yake wafungashaji wanafanya kazi. Nguzo za katikati zimesimama ndani ya safu za rafu. Ni ghala la kawaida kabisa, na lina karibu kila tatizo tunalolihitaji.

Moto hufanya nini kwa chuma

Chuma cha ujenzi huyeyuka karibu na nyuzi 1,500 za Selsiasi, na moto wa ghala haufiki huko. Namba hiyo ndiyo inayowadanganya watu, kwa sababu uwezo wa kubeba mzigo hupotea mapema zaidi. Kwa mujibu wa Eurocode 3, yaani kanuni ya Ulaya ya miundo ya chuma, sehemu inayohusu moto, chuma kina nguvu yake yote hadi nyuzi 400. Kwenye 500 hubaki asilimia 78, kwenye 600 asilimia 47, kwenye 700 asilimia 23, na kwenye 800 asilimia 11. Ukakamavu wake, ule unaozuia nguzo isipinde, huanza kushuka hata kabla ya hapo: kwenye nyuzi 400 umebaki asilimia 70, na kwenye 600 asilimia 31. Kwa hiyo nguzo ndefu na nyembamba inaweza kupinda na kukunjika huku chuma chenyewe bado kina nguvu ya kutosha kwenye karatasi.

Sasa linganisha na joto la moto. Tanuri la majaribio linalofuata mkondo wa ISO 834, yaani kipimo cha kimataifa cha jinsi joto la jaribio linavyopanda, hufika nyuzi 576 katika dakika 5, 842 katika dakika 30, 945 katika saa 1, na 1,049 katika saa 2. Boriti nyembamba isiyo na kinga yoyote, ikiwa ndani ya tanuri hilo, hufika nyuzi 550 katika dakika 10 hadi 15 hivi. Ghala lenye rafu ndefu linaweza kuwa baya kuliko tanuri, kwa kuwa nafasi zilizo kati ya paleti na paleti huuvuta moto juu kama dohani, nao hufika darini kabla walinzi hawajamaliza kupiga simu.

Kuna jambo la pili ambalo wajenzi wengi hawalifikirii: chuma hurefuka. Boriti ya paa ya mita 24 ikipata nyuzi 500 zaidi hurefuka kwa karibu sentimita 17. Mwanzoni husukuma vichwa vya nguzo kwenda nje. Kisha hulegea, hunesa katikati, na kuanza kuzivuta nguzo hizo hizo kwenda ndani. Ukuta uliopigwa misukumo miwili kinyume namna hiyo si wa kusimamia karibu, na ndiyo maana maofisa wa zimamoto wenye uzoefu huwaondoa watu wao mapema kwenye ghala la chuma tupu.

Mfano unaotajwa sana ni kiwanda cha General Motors kule Livonia, Michigan, kilichoungua tarehe 12 Agosti 1953. Kilikuwa jengo moja kubwa mno, paa la chuma lisilo na kinga, sehemu kubwa haina springla (vichwa vya mabomba ya darini vinavyomwaga maji vyenyewe vikipata joto la moto), wala hakuna kuta za kuzuia moto ndani. Cheche za mafundi wa kukata chuma zilitosha. Paa lilipopata joto, lami iliyokuwa juu yake iliyeyuka na kudondoka ndani ikiwaka, na jengo likaenda lote.

Hatua ya 1: Orodhesha bidhaa kabla ya kugusa michoro

Mhandisi akianza na ukubwa wa nguzo, mrudishe nyuma. Kwanza aandikiwe nini kitakaa humo, kimefungwa na nini, kimepangwa hadi urefu gani. Mwongozo wa Marekani wa springla, NFPA 13, huzigawa bidhaa katika daraja la I hadi IV, na juu yake yanakuja makundi ya plastiki. Vyombo vya chuma kwenye paleti ya mbao viko chini kabisa. Vitu vya plastiki ngumu ndani ya katoni viko juu. Plastiki yenye povu, na magodoro ya sponji ni mfano mzuri, iko juu zaidi.

Angalia pia vifungashio. Saruji kwenye mifuko ya karatasi haiogopeshi, lakini sahani za udongo zilizolazwa ndani ya povu jeupe zinahesabiwa kwa povu, si kwa udongo. Makopo ya dawa za kupuliza, matairi, mafuta ya kupaka na pombe kali ni sura tofauti kabisa. Tarehe 21 Juni 1982, ghala la usambazaji la K-Mart huko Falls Township, Pennsylvania, lenye ukubwa wa karibu mita za mraba 111,000, liliteketea ingawa lilikuwa na springla na kuta za kuzuia moto. Makopo ya gesi yaliruka yakiwaka na kuupeleka moto mahali ambapo maji hayakutosha.

Kwa ghala letu la Kibaha tuseme ni bidhaa za plastiki ngumu ndani ya katoni. Iandikwe hivyo kwenye michoro, na kwenye mkataba wa upangaji pia. Ghala nyingi hubadilisha mpangaji mara kadhaa, na anayekuja na magodoro hatajua kwamba jengo lilipigiwa hesabu ya sabuni.

Hatua ya 2: Chagua kanuni moja na ukae nayo

Tanzania Bara, michoro ya jengo hupitiwa na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji chini ya sheria yake ya mwaka 2007, na ndilo linalotoa cheti cha usalama wa moto. Kenya, mwenye sehemu ya kazi anabanwa na kanuni za kupunguza hatari ya moto za mwaka 2007, na upande wa ujenzi zile kanuni za majengo za mwaka 1968 zimeipisha Kanuni ya Taifa ya Majengo ya 2024. Hizo ni lazima. Lakini hesabu za chuma chenyewe, wahandisi wetu wengi huzifanya kwa kanuni za Uingereza, Eurocode, au za Marekani ikiwa mfadhili au kampuni ya bima inataka hivyo.

Usichanganye. Kuchukua muda wa kustahimili moto kutoka kitabu kimoja na ruhusa ya kuupunguza kutoka kitabu kingine ni njia ya kupata jengo ambalo halikubaliki popote.

Kuna tofauti ya fikra unayopaswa kuijua. Uingereza, jengo la ghorofa moja kwa kawaida halilazimiki kulinda fremu ya paa. Wanachokitaka ni kwamba ukuta ulio karibu na mpaka usimame hata paa likianguka. Marekani, Msimbo wa Kimataifa wa Majengo huligawa jengo kwa aina. Aina IIB ni chuma kitupu, saa sifuri za kustahimili moto. Aina IIA ni saa 1. Ghala la kawaida la bidhaa zinazoungua, kundi S-1, la aina IIB lisilo na springla huanzia kikomo cha mita za mraba 1,626 kabla ya nyongeza ya nafasi ya wazi. Likiwa na springla na ghorofa moja, kikomo hicho hupanda hadi 6,503. Tazama ghala letu la 4,800: bila springla halipiti, na springla zikiwepo linapita likiwa na chuma kitupu. Hapo ndipo fedha inapoamuliwa.

Mtego mmoja kwenye msimbo huo. Unaruhusu vipande vya paa vilivyo mita 6.1 au zaidi juu ya sakafu visilindwe hata pale jengo linapotakiwa kuwa na saa 1 au 2. Mafundi mauzo hupenda kuusoma mstari huo kwa sauti. Hawasomi mwanzo wake, unaoviondoa kwenye ruhusa hiyo viwanda vya hatari ya wastani, maduka, majengo ya kemikali hatari, na kundi S-1, yaani maghala kama hili letu.

Hatua ya 3: Chora ramani ya kuanguka

Chapisha mchoro wa fremu, chukua kalamu tatu za rangi, na ukae na mhandisi. Hii ndiyo hatua inayookoa fedha na watu, kwa hiyo ipe siku nzima.

Nyekundu ni kwa vipande ambavyo lazima visimame kwa muda uliotajwa. Kwenye ghala letu vya kwanza ni nguzo za mashariki. Ziko mita 2 kutoka mpaka, na ukuta zinaoushika unatakiwa kuuzuia moto usimfikie jirani. Kwa Msimbo wa Kimataifa, ukuta wa ghala S-1 ulio chini ya mita 1.5 kutoka mpaka hutakiwa saa 2. Kati ya mita 1.5 na 3, kwa aina hii ya jengo, saa 1. Ukuta ukiwa na saa 1 na nguzo inayoushika haina kitu, hesabu ya ukuta imekufa.

Hapa hapa ndipo lile jambo la mvuto linapoingia. Boriti za paa zisizolindwa zitanesa na kuivuta nguzo ya mashariki kwenda ndani. Wahandisi wa Uingereza wana utaratibu wao: chini ya nguzo ya mpakani, bamba la chini, bolti na msingi vipigiwe hesabu ya kuhimili mkunjo unaotokana na paa linaloanguka, ili nguzo ibaki imesimama wima au karibu na wima. Hilo likisahaulika kwenye msingi, huwezi kulirudisha kwa rangi. Ndiyo sababu nasema mazungumzo ya moto yaanze kabla ya zege ya msingi kumwagwa.

Nyekundu ya pili ni ofisi iliyoinuliwa. Wafungashaji wako chini yake na makarani juu yake. Nguzo na boriti zake zote zilindwe, na sakafu yake pia izuie moto, hata kama jengo lote limebaki tupu. Ninaona hapa ndipo uzembe unapozidi: ofisi kama hizi huongezwa baada ya jengo kwisha, zikaunganishwa na fundi wa geti, bila mchoro, huku juu wakikaa watu ishirini.

Nyekundu ya tatu, kama ipo, ni ukuta wa kuzuia moto unaoligawa ghala. Ukuta huo lazima usimame hata upande mmoja ukianguka wote. Papi za paa, yaani vyuma vya kulalia mabati, zisipite moja kwa moja juu yake kutoka upande huu hadi ule. Zikipita, zinazoanguka zitauvuta. Kwa Msimbo wa Kimataifa ukuta wa namna hii kwa kawaida hupanda angalau sentimita 76 juu ya paa. Na milango yake ijifunge yenyewe, bila paleti kuegeshwa mlangoni, jambo ambalo kila mkaguzi analikuta.

Njano ni kwa nguzo za katikati, zile zilizo ndani ya rafu. Zinabeba mapana mawili kwa mpigo, na zimezungukwa na bidhaa zinazoungua pande zote. NFPA 13 inazitaja waziwazi: pale bidhaa kwenye rafu zinapozidi mita 4.6 na nguzo haina kinga ya saa 1, ziwekwe springla za pembeni kwenye urefu wa mita 4.6 zikielekea nguzo, au springla za dari ziwe za kiwango kinachotosha kuilinda. Springla za aina ya ESFR, zinazotoa matone makubwa ili kuukandamiza moto mapema, zinahesabiwa kutosha. Bila springla kabisa, ihamishe njano iwe nyekundu.

Kijani ni vilivyobaki: boriti za paa za kati, papi, vikaza upepo vya paa. Hivi unaweza kuviacha vitupu ikiwa kanuni uliyoichagua na maji uliyonayo vinaruhusu. Lakini kagua vikaza upepo kimoja kimoja. Kikaza kinachoiweka wima nguzo nyekundu nacho ni chekundu.

Hatua ya 4: Piga hesabu ya maji

Kwa ghala la rafu ndefu, springla iliyopangwa sawasawa huilinda fremu kuliko rangi, kwa sababu inauzuia moto usifike joto la kulegeza chuma. Rangi inakununulia dakika, ilhali maji huupunguza moto wenyewe. Hata hivyo, maji ya kubahatisha hayana faida yoyote.

Chukua namba za ghala letu. Dari ya mita 9, bidhaa hadi mita 7.5, plastiki ngumu ndani ya katoni. ESFR ya kipimo cha K 200 (namba inayoonyesha kichwa kinapitisha maji kiasi gani) kwenye shinikizo la bar 3.4 inakubalika hapo. Kila kichwa kinatoa karibu lita 375 kwa dakika, na hesabu huchukua vichwa 12 vikifunguka kwa pamoja: lita 4,500 kwa dakika. Ongeza lita 950 za mipira ya zimamoto. Kwa saa 1 unahitaji takriban mita za ujazo 327. Huo ni mtungi mkubwa, na unahitaji pampu yake ya dizeli inayowaka yenyewe umeme ukikatika. Maji ya bomba la mji usiyaweke kwenye hesabu. Yatumie kujazia mtungi tu.

Kila kichwa kinafunika karibu mita za mraba 9, kwa hiyo tunazungumzia vichwa zaidi ya 500, na uzito wa mabomba yaliyojaa maji unaning'inia kwenye kenchi. Mhandisi wa chuma aambiwe mapema. Kenchi zilizopigiwa hesabu ya mabati na upepo peke yake hazitakubali mzigo huo baadaye.

Kama eneo halina maji ya uhakika wala nafasi ya mtungi, usijidanganye na springla za mapambo. Punguza urefu wa rafu, ligawe ghala kwa kuta, na uongeze wekundu kwenye ramani.

Hatua ya 5: Pima unene wa kinga kwa kila kipande

Hakuna unene mmoja wa rangi kwa "saa 1". Unategemea jinsi kipande kinavyopata joto haraka, na hilo hupimwa kwa uwiano wa eneo linalopigwa na moto kwa ujazo wa chuma, unaoandikwa A/V kwenye karatasi za wahandisi. Uwiano ukiwa mkubwa, kipande ni chembamba na hupata moto upesi.

Mfano: HEB 300, chuma cha umbo la H, ina mita za mraba 1.732 za uso kwa kila mita ya urefu, na sentimita za mraba 149 za chuma. Gawanya 1.732 kwa 0.0149, unapata 116. IPE 200, chuma chembamba cha umbo la I, ina uso wa 0.768 na chuma sentimita za mraba 28.5, yaani 269. Kwa muda ule ule, IPE 200 itahitaji kinga nzito zaidi kuliko HEB 300. Nguzo hiyo hiyo ya HEB 300 ukiizungushia sanduku la ubao badala ya kufuata umbo lake, uso unashuka hadi mita 1.2, na uwiano unakuwa karibu 80.

Wakati mwingine ni nafuu kununua nguzo nzito zaidi kuliko kununua rangi nene zaidi. Mwombe mkandarasi bei zote mbili.

Mwuzaji wa rangi atakuuliza joto la kikomo la kila kipande, yaani joto ambalo kikilifikia hakiwezi tena kubeba mzigo wake. Nyuzi 550 hutumika sana kwa nguzo, lakini nguzo iliyolemewa sana inaweza kuhitaji chini ya hapo. Atakayeitaja namba hiyo awe mhandisi aliyepiga hesabu ya mzigo, siyo duka.

Hatua ya 6: Chagua aina ya kinga

Kwa nguzo za ghala, kuanzia sakafuni hadi mita 2 au 3, mimi huchagua zege karibu kila mara. Mfuniko wa sentimita 4 za zege juu ya chuma, wenye wavu wa nondo nyembamba ili isibanduke, huhesabiwa saa 2 kwa Eurocode 4, kanuni ya Ulaya ya chuma kilichounganishwa na zege. Mchanga na saruji vinapatikana, mafundi wanavijua, na foklifti ikigonga nguzo inaumia foklifti. Kuta za tofali za saruji zilizoizunguka nguzo hufanya kazi ile ile. Kutoka hapo kwenda juu ndipo rangi au ubao uchukue zamu.

Rangi ya kuvimba inapendeza na haiongezi uzito. Ikipata joto la nyuzi 200 na ushei huumuka na kuwa povu jeusi linalozuia joto. Kasoro yake ni kwamba inategemea kila kitu kilicho chini yake: usafi wa chuma, praima (rangi ya kwanza ya kushikia) inayoelewana nayo, na rangi ya juu inayoizuia isinywe unyevu. Mwambao wa Dar es Salaam, Tanga na Mombasa una chumvi hewani, kwa hiyo dai mfumo uliopimwa kwa mazingira hayo.

Mchanganyiko wa kupuliza wa vermikulaiti (madini mepesi yanayozuia joto) na jasi au saruji ni nafuu na unafaa juu kwenye paa, mahali pasipoguswa. Usiuweke kwenye urefu wa foklifti, na usiuweke juu ya chakula kilicho wazi, maana hudondosha vumbi. Ubao wa kalisiamu silikati hufaa ofisini. Bodi za jasi za kawaida za dari, zile za madukani, hazihesabiki mpaka ziwe na cheti cha majaribio kwa muundo ule ule utakaoutumia.

Hatua ya 7: Simamia kazi kwa geji

Sehemu hii huharibika zaidi kuliko nyingine zote, kwa kuwa kosa halionekani. Nguzo iliyopakwa mikroni 300 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita) na iliyopakwa 1,000 zinafanana machoni.

Cheti kisomwe kwanza. Kitaje jina la bidhaa ile ile, umbo la kipande (nguzo ya H siyo bomba la mviringo), uwiano wa A/V, joto la kikomo na muda. Karatasi isemayo tu "inastahimili moto saa 2" haina maana.

Chuma kipulizwe mchanga hadi kiwango cha usafi cha Sa 2½, kisha praima. Chuma kilichozamishwa kwenye zinki kina praima yake. Ile ya kawaida hubanduka. Siku ya kupaka, unyevu wa hewa uwe chini ya asilimia 85, na chuma kiwe angalau nyuzi 3 juu ya joto la umande, yaani joto ambalo unyevu wa hewa huanza kuganda juu ya chuma kama matone. Asubuhi za masika pwani hazifiki hapo, kwa hiyo kazi ianze jua likishapanda, hata kama mkandarasi ana haraka.

Kila tabaka lipimwe likiwa bichi kwa kitana chake, na likikauka lipimwe kwa geji ya sumaku. Utaratibu wa chama cha wataalamu wa kinga ya moto cha Uingereza unafaa kuigwa: wastani wa kila kipande usiwe chini ya unene uliotakiwa, kipimo kimoja kikiwa chini ya asilimia 80, pima zaidi kukizunguka, na kisiwepo hata kimoja chini ya asilimia 50. Geji ishikwe na mtu asiyelipwa na mpakaji.

Maungio nayo yana mambo yake. Bolti na vibamba vya kuungia vipakwe unene wa kipande kinachohitaji zaidi. Pale boriti tupu inapokutana na nguzo iliyolindwa, kinga iendelee juu ya boriti kwa takriban nusu mita, la sivyo joto litapita kwenye boriti na kuingia kwenye nguzo kwa mlango wa nyuma.

Hatua ya 8: Baada ya makabidhiano

Faili la jengo liwe na ramani ya rangi tatu, vyeti, namba za makundi ya rangi iliyotumika, na jedwali la vipimo vya geji. Nakala moja ikae ghalani. Mkaguzi wa zimamoto akifika, au bima ikiuliza, faili hilo ndilo linalozungumza.

Mara moja kwa mwaka, zunguka na tochi. Tafuta rangi iliyochubuka, zege iliyopasuka kwenye kona, ubao uliotobolewa ili kupitisha waya. Pima rafu: zimeongezwa kimo? Bidhaa zimegusa springla? ESFR huhitaji karibu mita 1 ya wazi chini ya kichwa.

Fundi wa kuchomelea akiingia kuning'iniza taa au kamera, aonyeshwe ramani kwanza. Kibano kimoja kilichochomelewa kwenye nguzo nyekundu hukwangua kinga na kuunguza iliyobaki pembeni, na hakuna atakayeirudisha kama haikuandikwa kwenye kibali chake cha kazi. Kibali hicho kiseme pia nani anasimama na kizimia moto wakati wa kuchomelea na kwa angalau saa 1 baada ya kuzima mashine, na namba ya zimamoto, 114 kwa Tanzania, iwe imeandikwa mlangoni. Gharama ya kurudisha kinga ikatwe kwenye malipo ya fundi, baada ya geji kupita.